Shimo Ambalo Baba Hakulichora

Mvua ya Kras haina haraka.
Inashukia mawe ya chokaa na uchachu wake kidogo,
inalamba, inazama ufani,
wala hakuna mto wa kukuonyesha ilikopita.
Gogo huisha kwa bandu bandu.
Uwanda huu unaisha kwa ulimi.

Nimetandaza ramani tatu kwenye meza ya jikoni.
Ya kwanza, ya maofisa wa mfalme:
vilima vimesimamisha manyoya kama paka aliyeona mbwa,
mashimo ni madoa ya wino, yawe makubwa yawe madogo.
Ya pili ya baba, Lojz Škrinjar, mchoraji wa idara ya upimaji:
kontua za kahawia, nyembamba kama unywele,
na ndani ya kila shimo vijino
vikielekea chini, kule ardhi ilikokubali kushindwa.
Ya tatu ilipigwa na ndege yenye leza.
Ikaivua nchi misitu yake kama shati
ikaiona ngozi: ndui. Uso mzima ndui.

Kazi yangu ni kuzihesabu.
Zinaposongamana, jiwe ni safi na lina nyufa nyingi.
Pakiwa tambarare, kuna mfinyanzi, maji yamekatazwa kupita.
Zikijipanga mstari kuelekea kaskazini magharibi,
najua chini kuna mpasuko ambao hakuna aliyeuona.
Mvua huandika kwa kufuta;
anayetaka kuisoma asome kilichokosekana.

Kwa baba: mashimo mia mbili na kumi na moja.
Kwa leza: mia mbili na kumi na mbili.

Nikarudia kwa kalamu nyekundu,
nikarudia kwa maharage, punje moja kila shimo,
hadi meza ikawa kama bao.
La ziada liko nyuma ya nyumba tuliyozaliwa,
hatua arobaini upana, mita sita kwenda chini.

Labda lilikuwa bado, nikawaza.
Mapango huezua dari zake usiku,
mtu akaamka na kukuta bustani imekaa chini.

Nikaenda. Burja ilinisukuma mgongoni kama mdai.
Shimoni kulikuwa na udongo mwekundu,
yale makombo ya jiwe ambayo mvua haiwezi kuyameza,
na matuta manne ya viazi vya shangazi Pepca.
Ukingoni, kisiki cha mwaloni.
Nilipiga magoti nikahesabu pete zake: mia moja na thelathini.
Mti ulikuwa mkubwa humo humo shimoni
siku baba alipochonga penseli.

Shangazi alicheka hadi akakalia ndoo.
"Watu wa kodi walikuja na ramani mkononi.
Penye shimo pana udongo. Penye udongo pana viazi.
Na mama alikuwa na sisi saba."

Ramani husema kweli
isipokuwa nyuma ya nyumba ya aliyeichora.

Nikapitia makaburini, kipimio mfukoni.
Huko majina ni ya risasi, yalipachikwa yakalingana na jiwe.
Risasi hubaki, jiwe linarudi nyuma,
na pengo hilo ndilo saa yangu.
Kwa babu, unene wa kucha.
Kwa baba, unene wa karata:
kidole kilijikwaa kwenye L, kikajikwaa kwenye Z.
Mvua hii haina mama wa kumfichia viazi.
Hupima kila mtu.

Kwenye ripoti nimeandika mia mbili na kumi na mbili.
Kwenye karatasi ya baba sikugusa kitu;
punje ya harage nimeiacha pale pale.

Pepca alinipa kikapu nilipoondoka.
Naosha viazi sasa. Maji yanakuwa mekundu,
yanazunguka mara mbili kwenye sinki,
yanapata tundu.